AC ya gari haitoi baridi: soma dalili kabla hujajaza gesi

AC ikianza kupuliza vuguvugu, neno la kwanza utakaloambiwa ni "gesi imeisha, jaza." Unajaza, inapoa wiki mbili tatu, kisha joto linarudi na wewe unarudi kwa fundi. Gari moja la nyumbani kwetu lilijazwa gesi mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Siku nilipoinama mwenyewe na tochi, nilikuta doa jeusi la mafuta lililogandiwa na vumbi, kubwa kama sarafu, kwenye kiungo cha bomba kando ya kondensa. Gesi ilikuwa ikivujia hapo, waziwazi machoni. Kilichohitajika ni oringi moja, pete ndogo ya mpira ya kuziba kiungo.

Gesi ya AC haifanani na petroli. Haitumiki ikaisha kwa kuchomwa, wala hailiki. Inazunguka ileile miaka nenda miaka rudi ndani ya mfumo uliofungwa. Ni kweli kiasi kidogo sana hupenya polepole kwenye mpira wa hosi na kwenye sili ya shafti ya kompresa, lakini hilo huchukua miaka. Gesi iliyopungua ndani ya wiki au miezi imevuja, na pale ilipovujia bado papo. Lishike hilo, kwa sababu karibu kila dalili iliyo hapa chini inarudi hapo au inakuonyesha kwamba tatizo si gesi kabisa.

Kwa kifupi, safari ya gesi iko hivi. Kompresa inaikandamiza, inatoka ikiwa ya moto na yenye presha kubwa. Inaingia kondensa, ile inayofanana na rejeta na kukaa mbele yake, inapoteza joto na kugeuka maji (yaani kimiminika cha gesi ileile, si maji ya kawaida). Inapita kwenye drayeri inayonyonya unyevu, kisha inabanwa kwenye tundu dogo la vali ya upanuzi. Ikitoka hapo presha imeporomoka, nayo inachemka ndani ya evapureta iliyofichwa nyuma ya dashibodi na kuvuta joto la hewa inayopulizwa na blowa. Gesi ya R134a, iliyomo kwenye magari mengi barabarani, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri ikiwa kwenye presha ya kawaida ya hewa. Ndiyo maana inapoza. Ndiyo maana pia ikikurukia jichoni inaweza kukupofua.

Kabla hujagusa chochote

Usifungue nati ya bomba lolote la AC, hata kidogo, hata "kusikiliza kama kuna gesi." Vaa miwani ya kazi ukiwa karibu na mabomba na uepuke moto na sigara: gesi hizi zikipita kwenye moto hutoa sumu. Feni ya rejeta inaweza kuwaka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo weka mbali vidole, mikono mirefu ya shati na nywele.

Kama gari ni la haibridi au la umeme na kompresa yake ina nyaya nene za rangi ya chungwa, ukaguzi wako unaishia kwenye mipangilio, filta na usafi wa kondensa. Nyaya hizo hubeba mamia ya volti. Mpe fundi aliyefundishwa umeme huo.

Na gesi isiachiwe hewani. R134a hupasha dunia joto zaidi ya mara 1,400 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule, na gesi za jamii yake ndizo mataifa yalizokubaliana kuzipunguza hatua kwa hatua mjini Kigali mwaka 2016. Fundi mwenye vifaa kamili huivuta kwa mashine na kuihifadhi.

Ukaguzi wa dakika kumi

Fanya huu kwanza, dalili iwe ipi. Egesha kivulini, washa injini, bonyeza A/C, weka joto kwenye baridi ya mwisho, blowa kasi ya kati, na kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kiwe kimewaka. Funga milango na madirisha. Chomeka kipimajoto cha kawaida kwenye tundu la katikati la dashibodi, mwombe mtu ashikilie injini kwenye mizunguko kama 1,500 kwa dakika, subiri dakika tano, soma. Mfumo usio na tatizo huleta nyuzi kati ya 4 na 10 hivi. Siku ya joto kali au unyevu mwingi itapanda kidogo juu ya hapo na bado si ugonjwa.

Sasa fungua boneti. Mwenzako azime na kuwasha A/C huku wewe ukiangalia uso wa kompresa. Nyingi zina klachi: puli inazunguka muda wote na mkanda, lakini sahani ya mbele husimama mpaka A/C iwashwe. Ikishika utasikia "ta!" na injini italegea kidogo kisha ijirekebishe. Puli ikizunguka na sahani imesimama, kompresa haifanyi kazi.

Kisha tafuta mabomba mawili ya alumini yanayoingia kwenye ukuta wa kabini. Moja nene, moja jembamba. Subiri AC ifanye kazi dakika tano, ukaribishe kiganja kwanza kabla ya kushika. Jembamba huwa na joto la wastani, nene huwa baridi kama chupa iliyotoka kwenye friji, mara nyingi limetokwa jasho. Nene likiwa vuguvugu huku kompresa inazunguka, umekwisha kujua kwamba shida iko kwenye gesi, kompresa au vali ya upanuzi. Nene likiwa baridi sana huku dashibodi inatoa joto, basi AC inafanya kazi yake na kuna kitu ndani ya kabini kinaiharibia. Ugusaji huo mmoja umeniokolea saa nyingi kuliko chombo chochote nilichonacho.

Dalili ya 1: Upepo una nguvu, baridi hakuna kabisa

Hii ndiyo inayolalamikiwa zaidi, na inagawanyika palepale kwenye klachi.

*Kompresa haishiki.* Sababu inayoongoza ni gesi kupungua mno. Kuna swichi ya presha inayokataza kompresa kuzunguka gesi ikiwa chache, na ina haki: mafuta ya kulainisha kompresa husafiri pamoja na gesi. Bila gesi, vyuma vinasagana vikavu. Kwa hiyo usiiunganishe swichi hiyo kwa kipande cha waya ili kompresa izunguke "tu." Wapo wanaofanya hivyo. Kompresa hufa ndani ya muda mfupi, na unga wa chuma unasambaa kwenye mfumo mzima.

Kabla ya gesi, maliza yaliyo rahisi. Angalia fyuzi ya AC kwenye masanduku yote mawili, la ndani na la chini ya boneti. Mchoro uko nyuma ya mfuniko. Fyuzi iliyoungua ibadilishwe na yenye ampea zilezile. Ikiungua tena acha, kuna waya unaogusa bodi au koili ya klachi (sumaku ya umeme inayovuta ile sahani) iliyokufa. Rilei, yaani swichi ndogo ya umeme, ichomoe uibadilishane na nyingine iliyo sawa nayo kabisa kwenye sanduku hilohilo, ya honi kwa mfano. Klachi ikishika, umepata. Plagi ya waya kwenye kompresa ichomoe uitazame: kutu ya kijani, pini iliyolegea, plastiki iliyoyeyuka.

Angalia pia geji ya joto la injini. Kompyuta ya gari hukata AC injini ikipata moto kupita kiasi. Kama mshale uko juu, AC si tatizo lako la leo. Shughulikia rejeta na maji yake.

Mwenye multimita, kile kipima umeme, aende mbele zaidi. A/C ikiwa imewashwa, pima kwenye plagi ya klachi. Ukipata karibu volti 12 na klachi haishiki, koili imekufa au pengo la klachi limepanuka. Zima injini upime ukinzani wa koili: nyingi huwa kati ya omu 3 na 5. Multimita isiposoma ukinzani wowote, koili imekatika. Kama hakuna volti, kuna mtu njiani anayekataza: swichi ya presha, sensa ya evapureta, rilei au kompyuta. Hapo utahitaji mchoro wa nyaya wa gari hilohilo. Kubahatisha huunguza vitu.

*Kompresa inashika lakini bomba nene halipoi.* Gesi imepungua lakini haijafikia kiwango cha kuzimwa na swichi, au kompresa imechoka ndani na haikandamizi, au vali ya upanuzi imeziba. Hivi vitatu huwezi kuvitenganisha kwa mkono. Vinahitaji geji mbili za presha, nitazieleza mbele.

*Kompresa haina klachi.* Magari mengi ya sasa yana kompresa inayozunguka muda wote na kurekebisha wingi wa kazi kwa vali ndogo ya umeme. Hutasikia "ta." Vali hiyo ikifa, baridi inaondoka kimyakimya na kompresa nzima hulaumiwa. Kwenye aina nyingi vali hubadilishwa peke yake, kwa hiyo uliza hilo kabla ya kukubali kununua kompresa.

*Bomba nene ni la baridi kweli, hewa ni ya moto.* Nyuma ya dashibodi kuna kijimlango kinachochanganya hewa ya baridi na ya hita. Kikikwama upande wa hita, unapozwa na kupashwa kwa wakati mmoja. Zungusha kitasa cha joto kutoka mwisho mmoja hadi mwingine ukitega sikio: mota ndogo inayolia "tak-tak-tak" imevunjika meno ya gia zake. Kimya kabisa, huenda haipati umeme, au kebo imechomoka kwenye magari ya kebo. Gari lenye vali ya maji ya hita nalo huathirika vali isipofunga.

Dalili ya 2: Barabarani baridi, kwenye foleni joto

Mwendo unapeleka upepo kwenye kondensa bure. Ukisimama, kazi yote inabaki kwa feni. Basi anza na feni: washa A/C gari likiwa limesimama, na kwenye magari mengi feni moja au zote mbili zitazunguka muda mfupi baadaye. Isipozunguka, kagua fyuzi, rilei, plagi, kisha mota yenyewe. Feni inayozunguka polepole kuliko zamani imechoka pia. Usiridhike kwa kuona tu kwamba inazunguka.

La pili ni uchafu. Piga tochi kati ya kondensa na rejeta, siyo mbele tu. Majani, wadudu na matope hujipanga pale katikati kama mkeka, na kwa mbele kila kitu huonekana kisafi. Osha kwa mpira wa maji wa presha ndogo, ukielekeza maji kutoka upande wa injini kwenda mbele inapowezekana. Mashine ya kuoshea magari ikikaribishwa pale inalaza vile vibati vyembamba, na vikilala hewa haipiti tena.

Kuna jaribio la kumaliza ubishi. Gari limesimama, AC imewashwa, kipimajoto kipo kwenye tundu. Nyunyizia kondensa maji kwa utaratibu, ukikwepa plagi za umeme. Joto la dashibodi likishuka ndani ya dakika moja au mbili, kondensa haikuwa ikipoa vya kutosha: ni feni, uchafu, au gesi iliyozidi. Lisiposhuka, shuku gesi pungufu au kompresa iliyochoka, ambayo kwenye mizunguko ya chini haina nguvu ya kukandamiza.

Tazama pia vipande vya plastiki na sponji vilivyo pembeni mwa rejeta. Gari lililogongwa mbele likatengenezwa mara nyingi hukosa vipande hivyo, na hewa ya moto inazunguka na kurudi kondensa. Watu hubadilisha kompresa kwa sababu ya sponji iliyotupwa.

Dalili ya 3: Baridi inakuja na kuondoka

Muda ndio utakaokuambia.

Klachi ikishika na kuachia kila baada ya sekunde chache, gesi ni chache: kompresa inashusha presha, swichi inakata, presha inapanda, inashika tena. Tafuta uvujaji.

Ikikata baada ya dakika ishirini au thelathini, injini ikishapata moto, na kurudi ikipoa, kagua klachi. Sahani huliwa kidogo kidogo, pengo linapanuka, na koili ya moto inakuwa dhaifu kiasi cha kushindwa kuivuta. Mara AC inapokata, angalia: umeme unafika kwenye plagi na sahani imesimama? Ndiyo hiyo. Pengo la kawaida ni kama nusu milimita au chini ya hapo, na kwenye kompresa nyingi fundi hulirudisha kwa kupunguza washa nyembamba nyuma ya sahani. Hakuna haja ya kompresa mpya.

Ya tatu huwachanganya watu. Safari ndefu, baridi nzuri, kisha upepo wenyewe unafifia ingawa blowa inanguruma vilevile. Unazima AC, unaacha blowa, baada ya robo saa upepo umerudi na maji yanamwagika chini ya gari. Evapureta iliganda barafu. Hewa ilikosa pa kupita. Kwanza badilisha filta ya kabini. Kisha kuna sensa ndogo ya joto iliyochomekwa kwenye evapureta, ambayo kazi yake ni kukata kompresa kabla barafu haijaanza. Ikidanganya, kompresa haipumziki. Gesi pungufu kidogo nayo hugandisha sehemu moja ya evapureta. Usiku wenye unyevu mwingi, blowa ikiwa kasi ya chini kabisa na joto kwenye baridi ya mwisho, hata mfumo usio na tatizo unaweza kusogelea hali hiyo, kwa hiyo ongeza blowa kasi moja kabla ya kutafuta ubaya.

Dalili ya 4: Upepo wenyewe ni hafifu

Upepo ukiwa hafifu tangu unapowasha, gesi haihusiki, usikubali kujaziwa. Filta ya kabini, mara nyingi iko nyuma ya sanduku la dashibodi upande wa abiria, ndiyo ya kwanza. Nimezitoa zikiwa zimejaa unga mwekundu wa vumbi na majani makavu, nzito mkononi kama kitambaa kilicholowa. Kuna magari yaliyotoka kiwandani bila filta. Hayo hukusanya uchafu wote kwenye evapureta yenyewe, na kuisafisha ni kazi ya kufungua dashibodi.

Blowa ikifanya kazi kasi ya mwisho tu, kipande cha rezista, kinachopunguza kasi ya blowa, kimeungua. Ni cha bei ndogo na huwa karibu na blowa. Itazame plagi yake pia: ikiwa imebadilika rangi au kuyeyuka, badilisha vyote viwili, na pima kama mota ya blowa haivuti umeme kupita kiasi, maana rezista mpya itaungua vilevile.

Blowa ikiwa kimya kabisa: fyuzi, rilei, rezista, mota, kwa mpangilio huo.

Dalili ya 5: Upande mmoja baridi, mwingine joto

Kwenye gari lenye joto la kila upande peke yake, sababu kubwa ni mota ya kijimlango cha upande huo. Ikiwa tatizo limeanza mara tu baada ya betri kuchomolewa, mota huenda zimesahau mahali zilipo, na kitabu cha gari kitakuonyesha namna ya kuzifundisha upya.

Lakini gesi ikipungua kidogo nayo hujitokeza hivi. Evapureta haijai yote, upande mmoja unapoa na mwingine hapana. Kwa hiyo kabla ya kufungua dashibodi kwa ajili ya mota, pima gesi.

Dalili ya 6: Ilikuwa nafuu, imejazwa gesi, sasa ni mbaya zaidi

Hii nataka uisome hata kama haijakupata.

Mfumo wa AC hupimwa kwa gramu. Chini ya boneti kuna kibandiko kinachotaja aina ya gesi na uzito wake. Magari mengi madogo hubeba kati ya gramu 400 na 700 hivi. Anayejaza kwa kuangalia mshale wa geji moja, au kwa kushika bomba mpaka "liwe baridi," hajui ameweka gramu ngapi. Gesi ikizidi, kondensa inajaa gesi iliyogeuka maji, nafasi ya kupozea inapungua, presha inapanda, baridi inapotea, na kompresa inaumia. Gesi ya ziada ni ugonjwa sawa na gesi pungufu.

Hewa iliyonaswa ndani ni mbaya vilevile. Mfumo wowote uliofunguliwa ni lazima uvutwe vakyumu kwa pampu kabla ya gesi kuingia, nusu saa au zaidi. Vakyumu hiyo inatoa hewa na kuchemsha unyevu uliomo hadi utoke. Pampu ikizimwa, mshale unapaswa kukaa palepale. Ukirudi juu, kuna tundu, na gesi isiingizwe.

Gesi si moja. R134a na R1234yf, iliyomo kwenye magari mengi mapya, haziingiliani, na hata viungio vya kujazia vimetengenezwa tofauti ili usikosee. R1234yf inaweza kushika moto. Gesi za jamii ya propani ambazo wengine huziuza kama mbadala zinawaka kwa urahisi zaidi. Mahali pake si kwenye mabomba yanayopita mbele ya gari lisilotengenezwa kwa ajili yake. Makopo yenye "dawa ya kuziba matundu" nayo yaache. Dawa hiyo huganda kwenye vali na kwenye mashine ya fundi, na mafundi makini huligomea gari lenye dawa hiyo.

Ukijaza kopo mwenyewe licha ya yote, liunganishe upande wa presha ndogo pekee, ule wa bomba nene. Kopo likiunganishwa upande wa presha kubwa, gesi inarudi ndani ya kopo na linaweza kupasuka mkononi.

Kutafuta mahali panapovuja

Gesi haionekani, lakini hutoka na mafuta, na mafuta hushika vumbi. Fuata kila bomba kwa tochi: viungo, hosi pale mpira unapoingia kwenye chuma, uso wa kompresa karibu na klachi, kondensa yote hasa pembe za chini zinazopigwa mawe. Doa lenye unyevu na vumbi jeusi ni shahidi mzuri. Paka maji ya sabuni nzito, subiri mapovu.

Vifuniko vya plastiki vya sehemu za kujazia visidharauliwe. Ndani yake kuna vali ndogo kama ya tairi, na kifuniko ndicho kizuizi cha mwisho. Kikipotea, gesi hupita hapo taratibu miezi mizima na hakuna anayewaza kutazama.

Usipoona kitu, fundi ataweka rangi inayong'aa chini ya taa ya urujuanimno, au kujaza naitrojeni kavu na kusikiliza. Oksijeni au hewa ya kompresa ya tairi isitumike kupima: oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta hulipuka, na hewa ya kawaida huingiza unyevu.

Evapureta ndiyo huvujia sirini. Mwombe fundi aweke kipima gesi kwenye bomba la kutolea maji ya AC chini ya gari, kabla hajaanza kuvua dashibodi.

Geji mbili zinasema nini

Injini ikiwa imezimwa kwa muda na hewa ni nyuzi 30, mfumo wa R134a wenye gesi utaonyesha karibu psi (kipimo cha presha) 95 hadi 100 pande zote mbili, wa presha ndogo na wa presha kubwa. Hiyo inathibitisha gesi ipo, haithibitishi inatosha, kwa sababu presha hubaki ileile mradi kuna matone ya gesi iliyogeuka maji ndani. Nimewasikia watu wakisema "presha iko sawa, gesi imejaa" na injini haijawashwa.

Kompresa ikizunguka, upande mdogo huwa karibu psi 25 hadi 45, mkubwa psi 150 hadi 250, kadiri ya joto la nje. Pande zote chini: gesi chache. Pande zote juu: gesi nyingi, hewa ndani, au kondensa haipati upepo. Mdogo juu na mkubwa chini: kompresa imechoka. Mdogo chini sana, hata kuingia vakyumu, huku gesi ikiwa imepimwa kwa mizani na kutosha: vali ya upanuzi au drayeri imeziba.

Kelele, harufu, maji

Mkwaruzo unaosikika AC ikiwa imezimwa ni beringi ya puli au mkanda. Kelele nzito inayoanza tu klachi inaposhika ni kompresa yenyewe: izime na usiiwashe tena mpaka ikaguliwe. Ikikwama, mkanda unaweza kukatika, na kwenye magari mengi mkanda huohuo ndio unaozungusha jenereta, na kwenye mengine pampu ya maji.

Harufu ya uvundo ni ukungu kwenye evapureta. Filta mpya, na kuacha blowa ikizunguka bila A/C dakika chache kabla ya kufika. Maji kwenye zulia la abiria: bomba la kutolea maji limeziba. Maji safi yanayodondoka chini ya gari ni ya kawaida kabisa. Harufu ya utamutamu na ukungu wa mafuta kwenye kioo ni maji ya rejeta yanayovuja kwenye hita, na hiyo ipelekwe kwa fundi mapema.

Ukifika kwa fundi

Mwache fundi afanye chochote kinachohitaji kufungua bomba, kuvuta gesi, au kuvua dashibodi. Lakini ingia na maneno haya: atavuta gesi iliyomo na kuipima gramu zake, atashikilia vakyumu na kukuonyesha mshale, atajaza kwa mizani kulingana na kibandiko, ataweka mafuta ya aina inayotakiwa. Kwenye kompresa za umeme hilo la mafuta ni la usalama, kwa sababu mafuta yasiyo sahihi hupitisha umeme wa volti kubwa hadi kwenye bodi.

Kama kompresa imesagika ndani, kompresa mpya peke yake itakufa kwa njia ileile. Unga wa chuma umelala kwenye kondensa na drayeri. Drayeri ibadilishwe, hosi zisafishwe, na kondensa za kisasa zenye vijinjia vyembamba zibadilishwe, kwani hazisafishiki vizuri. Drayeri hubadilishwa pia mfumo ukiwa umekaa wazi siku nyingi.

Gari likirudi, rudia kipimo cha dakika tano kwa kipimajoto kilekile, kivulini, mizunguko ileile. Andika nyuzi za nje, nyuzi za tundu la katikati, na gramu zilizoingia, uweke karatasi kwenye kitabu cha gari. Miezi mitatu baadaye pima tena siku yenye joto linalokaribiana. Nyuzi zikiwa zimepanda tano au zaidi, chukua tochi urudi kwenye viungo vya mabomba.